Anza na mkeka, fomula zitafuata

Mkuu mleta mada, umeuliza umwanzishie vipi kijana wako wa kidato cha tatu uwezekano na takwimu, na hesabu zenyewe anazikimbia. Mimi nafundisha tuisheni hapa Uyole, Mbeya. Ninachofanya ni hiki: abashiri kwanza, ndipo ahesabu. Asiyebashiri jibu halimgusi.

Vijana wa rika hilo mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, wanaijua, tupende tusipende, japo kubeti ni kwa waliotimiza miaka 18. Basi muulize: una mechi nane, kila timu uliyoichagua ina nafasi 70 kwa 100 ya kushinda. Mkeka hutiki, yaani hushinda, timu zote zikishinda tu; mkeka mzima una nafasi gani? Wangu hujibu 70; mjanja wao hushuka hadi 50. Mpe kikokotoo azidishe 0.7 kwa 0.7, aendelee hadi zitimie nane. Atapata kama 0.058, yaani hata 6 kwa 100 haifiki. Darasa hupoa kidogo, kisha wa nyuma huuliza, "Kwa hiyo, ticha, wenye kampuni za kubeti wanalijua hili?" Wanalijua vizuri sana! Aendelee na mechi tano, kumi, kumi na tano, ajionee namba inavyoporomoka. Hapo usimharakishe.

Siku nyingine mpe sarafu ya shilingi 200. Kwanza abuni kichwani matokeo 100, K kwa Karume na S kwa simba, halafu airushe kweli mara 100. Akuletee karatasi zote mbili bila kukuambia ipi ni ipi. Ya kubuni utaitambua tu, maana anayebuni huogopa kurudia upande uleule. Ya kweli karibu kila mara ina upande mmoja uliofuatana mara tano au zaidi.

Takwimu hazina haja ya maneno mengi, mtume sokoni. Tuseme ameuliza bei ya ndoo ya viazi kwa watu watano: 6,000, 6,000, 6,500, 7,000, na yule wa kando ya barabara ya TANZAM (barabara kuu ya kwenda Zambia) anayewavizia abiria wa mabasi, 12,000. Wastani ni 7,500, na wanne kati ya watano wanauza chini yake. Bei ya katikati ni 6,500. Muulize: mama akimtuma viazi, ataondoka na hesabu ya bei ipi?

Grafu ziache kwanza. Akianza nazo atakimbia tena.