Mimea 80 si marudio 80

Ndugu, umesema una dawa tatu za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi pamoja na ploti zisizopuliziwa, bloku nne (vikundi vya ploti zilizo karibu), na kila ploti umehesabu viwavi kwenye mimea 20. Sasa unauliza kama mimea yote 80 ya kila dawa inaweza kuingia kwenye ANOVA (uchambuzi wa tofauti kati ya wastani wa dawa) kama marudio, yaani vipimo huru vya dawa ileile. Hapana. Dawa uliipangia ploti, hukuipangia mmea mmoja mmoja, kwa hiyo rudio ni ploti. Jumlisha viwavi vya mimea 20 ya kila ploti, ubaki na namba 16, moja kwa kila ploti. Digrii za uhuru za kosa, yaani taarifa huru zinazobaki za kukadiria kosa la jaribio, ni 9 (3 mara 3). Ukilazimisha mimea yote, hata dawa hafifu itaonekana kiboko, na msimamizi wako atakurudishia kazi.

Halafu umeandika kwamba ploti hazikuanza na viwavi sawa. Hapo fomula ya ufanisi wa dawa ya Abbott (1925) haikufai, kwa kuwa hulinganisha hesabu za baada ya kupulizia tu. Tumia ya Henderson na Tilton (1955), inayotumia hesabu za kabla na baada. Tuseme ploti iliyopuliziwa ilikuwa na viwavi 40 ikabaki na 6, na isiyopuliziwa ilitoka 30 ikafika 36. Zidisha 6 kwa 30, ugawanye kwa 40 mara 36, unapata 0.125. Toa hiyo kwenye 1: ufanisi ni asilimia 87.5. Kwa Abbott ungepata 83.3. Fanya hivyo ndani ya kila bloku.

Kabla ya ANOVA, ongeza 1 kwenye hesabu za viwavi kisha chukua logi, maana wadudu hawa hukaa kwa makundi. Bloku iingie kwenye modeli, wengi huisahau. Kulinganisha dawa, tumia Tukey, jaribio linalolinganisha jozi zote kwa pamoja. Achana na majaribio ya t (ya kulinganisha wastani mbili) ya jozi moja moja.