Jibu: Monet na bendera, ni Juni 30
Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini picha yako ya Monet, mchoraji Mfaransa, ile ya mtaa uliojaa bendera, imeandikwa Julai 14 ilhali kitabu kinasema Juni 30. Kitabu kiko sahihi. Nakala yangu ilikuwa na kosa hilohilo.

Kwanza angalia mwaka: 1878. Julai 14 ilifanywa sikukuu ya taifa Ufaransa mwaka 1880. Sherehe iliyo pichani, ya Juni 30, ilikuwa ya amani na kazi, Paris ikiwa na maonyesho ya dunia. Kisha hakikisha mtaa, maana Monet aliichora sherehe hiyo mara mbili, katika mitaa miwili ya Paris: picha ya Rue Montorgueil iko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, ya Rue Saint-Denis iko mji wa Rouen.

Sura za watu usizitafute. Alichorea roshanini, umati ni vidoa vya rangi tu. Rudi nyuma hatua tano, utaona bendera zinapepea kweli!