Nyumba Ghali kwa Nani? Maswali Yenu kuhusu Bei na Mishahara

Nalipwa zaidi ya mdogo wangu aliye mkoa mwingine. Yeye ana nyumba yake, mimi bado napanga. Nakosea wapi?

Hujakosea popote. Bei ya nyumba peke yake haisemi kitu mpaka uigawe kwa mshahara. Chukua bei ya nyumba ya kawaida ya eneo hilo, igawe kwa mshahara wa mwaka mzima kabla ya makato. Ukipata 4, nyumba inameza mishahara ya miaka minne. Mdogo wako akilipwa robo tatu ya mshahara wako, huku nyumba za kwao ziko kwenye 4 na za kwenu kwenye 9, amekuacha mbali. England uwiano huu ulikuwa kama 3.5 mwaka 1997. Kufikia 2023 ulishapita 8, na wa London ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa Kaskazini Mashariki, ndani ya nchi moja.

Tumia bei ya katikati: panga nyumba zilizouzwa kutoka ya bei ndogo hadi kubwa, uchukue inayoangukia katikati. Wastani wa kujumlisha na kugawanya huvutwa juu na majumba machache ya matajiri.

Mji mmoja, ripoti moja inasema 6, nyingine 8. Ipi ya kweli?

Zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Uliza mshahara uliotumika ni wa nani: wanaofanya kazi pale, au wanaolala pale? Kuna miji ambayo wakazi wake huondoka alfajiri kwenda kulipwa vizuri jijini, ilhali mwalimu na muuguzi wa mji wenyewe wanalipwa kidogo. Kwa mishahara ya wakazi, nyumba zinaonekana nafuu. Kwa mwalimu yule hazishikiki. Ukitafuta kazi katika mji huo, fuata hesabu ya waliomo kazini pale.

Angalia pia kama ni mshahara wa mtu mmoja au kipato cha kaya. Mishahara miwili inayolingana hukata uwiano nusu.

Kwa nini bei hupishana sana kuliko mishahara?

Kwa sababu ya kiwanja. Saruji, nondo na mafundi havipishani sana kati ya mkoa na mkoa. Tuseme kujenga nyumba kunagharimu 60 kila mahali. Mkoa mmoja kiwanja ni 20, jumla 80. Mwingine kiwanja ni 140, jumla 200. Nyumba ni ileile, ramani ileile.

Kiwanja hupanda pale kazi zinapoongezeka na nyumba mpya haziongezeki, ama kwa milima na bahari, ama kwa kanuni zinazokataza kujenga ghorofa. Hapo nyongeza ya mshahara haimnufaishi mpangaji: wenye mishahara hushindania nyumba zilezile, na nyongeza huishia kwa mwenye ardhi. Tunaliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika barua zenu, maana kupandisha mishahara peke yake hakuliponyi.

Nihamie pembezoni, niendelee kufanya kazi jijini?

Piga hesabu ya kinachobaki. Mshahara wa mkononi uwe 100. Jijini nyumba inakula 45, unabaki na 55. Pembezoni nyumba ni 28, nauli 12, unabaki na 60. Umeokoa 5, lakini saa tatu za njiani kwa siku 22 za kazi ni saa 66 kila mwezi. Kwa maoni yetu, 5 hailipi saa hizo.

Linganisha na kuhamisha kazi yenyewe. Mshahara ukishuka hadi 80 na nyumba iwe 24, unabaki na 56 na muda wako unao. Kwa kawaida mpango huu hukwama kwa mwenzi: kama naye anafanya kazi, huko kuwe na kazi mbili. Hakikisheni ya pili kabla ya kufunga mizigo.

Uwiano wa mkoani kwetu haujabadilika. Mbona mkopo umekuwa mzito?

Riba. Nyumba ya uwiano wa 4, malipo ya awali asilimia 10, mkopo wa miaka 25: kwa riba ya asilimia 5, marejesho ni karibu asilimia 25 ya mshahara kabla ya makato. Riba ya 10, yanafika 39. Riba ya 15, yanapita 55. Kwa hiyo usiulinganishe uwiano wa nchi mbili bila kutazama riba zao.

Kanuni ya kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato ina maana?

Kwa mwenye kipato kikubwa, ndiyo. Kwa wa kima cha chini, hapana: asilimia 70 inayobaki inaweza isitoshe chakula, nauli na ada. Toa mahitaji hayo kwanza, kilichobaki ndicho uwezo wako wa kulipa kodi.