Hisa zile zile, mtaji umepanda: kwa nini?

SWALI: Nasoma mizania ya kampuni moja ya umeme ya Marekani. Hisa za kawaida ni dola milioni 10 tu, lakini chini yake kuna mtaji wa ziada uliolipwa, dola milioni 940. Mwaka uliotangulia ulikuwa milioni 790, na idadi ya hisa ni ile ile. Nyongeza imetoka wapi? Inaweza kulipwa gawio?

JIBU: Kwa kawaida mstari huo hukua hisa zinapouzwa. Kila hisa ina thamani ya jina iliyowekwa katika hati za kuanzisha kampuni, aghalabu dola chache au hata senti 1. Hisa milioni 2 zenye thamani ya jina ya dola 1 zikiuzwa kwa dola 26, milioni 2 zinaingia kwenye hisa za kawaida na milioni 50, zile zilizolipwa juu ya thamani ya jina, kwenye mtaji wa ziada. Gharama za kuziuza, tuseme milioni 1.5, hukatwa humo humo, zikabaki 48.5. Wanunuzi wakija kuuziana hisa hizo sokoni kwa dola 40, mizania haitikisiki. Kampuni haikupokea kitu.

Kwako hisa hazikuongezeka, basi tazama mmiliki ni nani. Kampuni nyingi za umeme huko ni tanzu, yaani zinamilikiwa na kampuni nyingine, na kampuni mama inayomiliki hisa zote haina haja ya kupewa nyingine inapotia fedha. Shuku kwanza kwamba milioni 150 ni mchango wake. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya ugharamiaji, utafute mchango wa mtaji kutoka kwa kampuni mama. Usipouona, rudi kwenye maelezo ya hesabu: huenda ni mali iliyohamishwa, au deni ambalo kampuni ilidaiwa na mama, likageuzwa mtaji. Mara nyingi shabaha ni kulinda uwiano wa mtaji na mikopo, ambao mdhibiti huutumia kupanga bei ya umeme. Pitia na mizania ya mama, maana wakati mwingine fedha hizo naye amezikopa.

Usizitafute benki, lakini. Zimekwisha kuwa nguzo, transfoma na mitambo.

Kuhusu gawio, kifungu cha 305(a) cha Sheria ya Shirikisho ya Umeme kinawakataza maofisa na wakurugenzi kushiriki kulipa gawio kutoka katika fedha za akaunti ya mtaji. Linatarajiwa kutoka kwenye faida limbikizi, yaani faida ya miaka iliyopita ambayo haijagawiwa. Kinachokwamisha ni pale kampuni inaponunuliwa na vitabu vyake kuandikwa upya kwa bei ya ununuzi: faida limbikizi inarudi sifuri, na thamani yake inajitokeza ndani ya mtaji wa ziada. Kampuni ina fedha, ila haina faida ya kugawa kwenye karatasi. Ndiyo maana baadhi huiomba FERC, tume inayodhibiti nishati, itamke kwamba malipo hayo hayavunji kifungu hicho.

SWALI: Fedha ambazo mteja huchangia ili avutiwe laini, nazo ni mtaji uliolipwa?

JIBU: Hapana, mteja si mwanahisa. Katika kanuni za hesabu za FERC kwa umeme, mchango huo hupunguza gharama ya mtambo uliojengwa, hivyo kampuni haiwezi kudai faida juu yake. Mtaji wa ziada hukaa kwingine: akaunti 207 kwa ziada ya bei ya hisa, 208 kwa michango ya wanahisa, na 211 kwa mengineyo.