Kabla ya kufunga oili kula ya maji (kipoza oili kinachotumia maji ya rejeta), fungua kwanza mfuniko wa rejeta

Geji ya joto la maji kwenye Subaru Impreza yangu ilinidanganya misimu miwili. Kila nikitoka kwenye kona naichungulia, naikuta katikati, imetulia kama mzee wa barazani aliyekwisha kunywa kahawa yake. Basi nakanyaga. Gari lenyewe ni la injini ya EJ20 isiyo na tabo, yaani haina kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Nimeling'oa viti vya nyuma, mazulia na redio, nikalifunga bamba la chuma chini ya injini, na kazi yake siku hizi ni kushindana na saa kwenye barabara za mashamba ya mkonge, huku upande wa Pongwe na Muheza. Uwanja wa lami hatuna. Mzunguko wetu ni kona za shamba, mtaro mmoja wa kuruka, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno.

Siku niliyofunga geji ya joto la oili ndiyo siku niliyoacha kulala. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma na jua halina huruma. Mzunguko wa tano maji yalisoma nyuzi 91, yaani hakuna neno. Oili ilisoma 138. Niliposimama kwenye kivuli cha mwembe na injini ikinguruma polepole, taa nyekundu ya presha ya oili ikaanza kunikonyeza.

Oili ikipita 130 inakuwa nyepesi kama maji ya kunawa, utando wake kwenye beringi unakuwa mwembamba, na inazeeka haraka sana: mafundi wa vilainishi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kuchakaa kwake inakaribia kuwa maradufu. Mahali pake pa raha ni kati ya 95 na 115 hivi. Na lile bamba la chuma nililojivunia lilikuwa limeziba upepo uliokuwa ukipita chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wageni wa Tanga waja leo warudi leo. Joto la oili likishaingia kwenye injini iliyofungwa bamba, halina habari za kurudi.

Vijana wengi wa mbio wakifika hapo hukimbilia kula ya upepo, ile ya kufunga mbele kama rejeta ndogo. Sikatai, ina nguvu. Oili ya 130 na hewa ya Tanga ya 33, tofauti ni karibu nyuzi 100. Kwa maji ya 90 tofauti ni 40 tu. Kwa hesabu hiyo peke yake upepo unashinda. Lakini hesabu hiyo inadhani upepo upo. Sisi kwenye kona za shamba tunakwenda kilomita 50, 60 kwa saa, na gari la mbele limetuachia wingu la vumbi. Mapezi ya kula ya upepo yanajaa udongo mpaka mzunguko wa tatu, na mipira yake mirefu ya oili inapita mahali jiwe linapofika. Mpira wa maji ukipasuka utaona mvuke, utazima gari. Mpira wa oili ukipasuka, mpaka utambue, injini imekwisha. Ndiyo maana nilichagua kula ya maji. Tena kilo moja ya maji hubeba joto karibu mara mbili ya kilo moja ya oili, kwa hiyo kifaa kidogo cha ukubwa wa kopo la maziwa ya unga kinafanya kazi ya kutosha, bila kutegemea mwendo wa gari.

Faida nyingine niliijua baadaye: asubuhi maji hupata moto kabla ya oili, kwa hiyo kifaa kilekile kinaipasha oili badala ya kuipoza. Zamani nilikuwa nasubiri dakika 12 hivi oili ifike 80 kabla ya kukanyaga. Sasa ni kama saba.

Kwa Subaru, habari njema ni kwamba hakuna cha kubuni. EJ20 nyingi za tabo zilitoka kiwandani na oili kula ya maji, imekaa kati ya injini na oili filta. Inaingia palepale kwenye injini isiyo na tabo. Ila usinunue kula bila bolti yake ndefu ya katikati, ile yenye tundu, maana hiyo ndiyo inayoshika kula kwenye injini na ndiyo filta inajifunga juu yake. Uzi wa filta za EJ ni milimita 20 kwa 1.5, na si kila bolti inayofanana nayo kwa nje ina uzi huo. Iingize kwa vidole kwanza. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana.

Sasa nikuambie nilivyopoteza fedha.

Kula ya kwanza niliinunua kwa muuza spea za mtumba, Dar. Ilikuwa safi, imepigwa brashi, inang'aa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mwenye gereji Ngamiani, mtu aliyefungua injini nyingi kuliko umri wangu.

"Shikamoo mzee. Nimepata kula ya tabo, nataka unifungie kesho."

"Marahaba. Lete kitambaa cheupe."

Akaigeuza juu ya kitambaa, akaigongagonga kwa mpini wa bisibisi, kisha akamimina mafuta ya taa ndani na kuyarudisha. Kwenye kitambaa zikabaki chembe zinazometameta kama magamba ya dagaa.

"Mwanangu, hii imetoka kwenye injini iliyokula beringi. Ukiifunga, unahamishia ugonjwa kwako."

Nikamuuliza kama haiwezi kuoshwa. Akacheka. Ndani ya kula kuna njia nyembamba zilizopandana, chembe zinajificha humo, utaosha wiki nzima na moja itatoka siku ya mbio. Muuzaji naye nilipompigia aliniambia bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Ile kula mpaka leo inazuia mlango wa stoo yangu usipigwe na upepo.

Ya pili ilipita mtihani wa kitambaa. Nami kwa haraka zangu nikaruka mtihani wa presha, nikaifunga. Siku ya tatu nachomoa kijiti cha oili, nakuta oili imeingia maji na kuwa kama chai ya maziwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Injini ikiwa inazunguka, presha ya oili inaweza kufika PSI 60 (PSI ni kipimo cha presha, kama cha matairi), wakati maji yanashikiliwa na mfuniko wa rejeta kwenye PSI 16 hivi. Kwa hiyo kula ikiwa na ufa, gari likitembea oili ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inashuka hadi sifuri papo hapo, lakini maji bado ni ya moto na yana presha yake. Sasa yanageuka kuingia kwenye oili, taratibu, usiku kucha. Ndiyo maana unaendesha salama jioni, na asubuhi unakuta uji. Bahati yangu nilichomoa kijiti kabla ya kuwasha. Nilimwaga oili mara mbili, nikasafisha rejeta kwa sabuni mpaka nikachoka.

Tangu hapo, kula yoyote ya mtumba naipeleka kwa fundi pancha. Naziba njia za oili kwa vibati na oringi, yale mapete ya mpira ya kuzuia kuvuja, naacha sehemu moja ya kuingizia upepo, naizamisha kwenye ndoo ya maji ya moto, tunasukuma PSI 80, tunakaa kimya dakika kumi tukitazama. Maji ya moto ni muhimu, kwa sababu ufa mwingine haufunguki mpaka chuma kipanuke. Kikitoka kiputo kimoja kwenye njia ya maji, irudishe ulikoitoa kama watakubali. Fundi pancha wangu anachukua soda tu.

Tuje kwenye maji yenyewe, na hapa ndipo magari mengi ya huku yanapofeli. Oili kula ya maji haiondoi joto duniani. Inalitoa kwenye oili na kuliweka kwenye maji, kisha rejeta ndiyo inayolitupa nje. Kama rejeta yako imejaa kutu, feni moja imekufa na mfuniko haushiki presha, umejitafutia kuchemsha vitu viwili badala ya kimoja. Mimi kabla ya kufunga kula ya tatu nilibadilisha rejeta, mfuniko, mipira yote miwili mikubwa na wota pampu inayozungusha maji. Kula ilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Na ndani ya rejeta utie nini? Pwani yetu visima vingi vina chumvi. Nimeona silinda hedi za alumini zilizoliwa kama jibini na maji ya kisima. Tia kulanti, ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, na kama unaichanganya mwenyewe, ichanganye na maji safi ya kuongezea betri (si asidi yake), si ya bomba.

Themostati nayo, ile vali inayofunguka yenyewe maji yakipata moto. Kila gereji utaambiwa, "Kaka, Tanga joto, themostati ya nini? Itoe." Usiitoe. Themostati ya EJ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 78 hivi na imekaa chini, mahali maji yanapoingia kwenye wota pampu. Maji ya moto yanayorudi kutoka kwenye hita ya ndani ya gari ndiyo yanayoifikia na kuiambia ifunguke. Sasa wengi wetu, kwa kuwa hakuna anayewasha hita Tanga, tumeziba mipira ya hita kabisa, halafu tunashangaa geji inapanda na kushuka kama ngalawa. Kuunganisha mpira na mpira ni sawa. Kuziba si sawa.

Kwenye gari langu ule mpira wa hita uliounganishwa ndio ulionipa njia. Nilikata pale kwenye kiungo, maji yanayotoka juu ya injini nikayapeleka kwenye kula, na yanayotoka kwenye kula nikayarudisha kwenye bomba la kwenda wota pampu. Njia moja, haina matawi. Chuchu za kula ni nyembamba kuliko mpira wa hita, kwa hiyo nilitumia vipunguzio vya shaba na klampu za kukaza kwa bisibisi. Jamaa yangu wa Makorora yeye aliweka tii mbili kwenye mpira mmoja wa chini wa rejeta, aingize na atoe palepale. Oili yake haikushuka hata nyuzi mbili. Maji hayatoki mahali kwenda mahali bila kusukumwa. Ukichukua na kurudisha penye presha ileile, yatakaa tu humo yakichemka. Chukua yanakosukumwa, rudisha yanakovutwa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku. Mwaga oili na maji. Toa filta, kisha papasa kwa kidole uhakikishe oringi ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, kwa kuwa oringi mbili zilizopandana zitavuja siku utakayokanyaga sana. Oringi ya kula iwe mpya na ya aina ya kuhimili joto, uipake oili. Elekeza chuchu mbali na egzosi, maana kwenye EJ egzosi inapita jirani kabisa na filta. Mipira yangu nimeivalisha soksi ya kuzuia moto. Kisha pima nafasi. Kula inaishusha filta chini, na kwangu ilibakiza upana wa kidole kimoja kutoka kwenye bamba. Nilibadilisha nikaweka filta fupi, na bamba nikaliongezea washa. Kwa mtaro wetu ule wa kuruka, kidole kimoja si kitu.

Kabla ya kuwasha, toa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha kwa stata vipande vifupi mpaka taa ya oili izime. Halafu kutoa upepo kwenye maji: Subaru huficha hewa ndani kama mtoto anavyoficha pipi. Pandisha pua ya gari kwenye kilima au mawe, legeza kiskrubu cha juu ya rejeta, mimina kulanti polepole, minya mipira kwa mkono, washa, subiri feni iwake mara mbili, zima, acha ipoe, ongeza tena. Mimi ilinichukua jioni mbili.

Februari iliyofuata, shamba lilelile, jua lilelile: mzunguko wa tano oili 114, maji 97. Maji yalipanda nyuzi sita, kama nilivyotarajia, na hapo ndipo rejeta mpya iliporudisha fedha yake. Ningekuwa nakimbia kwenye lami mwendo mrefu wa kasi, au nina tabo iliyoongezwa presha, ningeweka na kula ya upepo yenye themostati yake. Kwa vumbi letu hii inatosha.

Kila Jumatatu baada ya mbio, gari likiwa limepoa kabisa, nafungua mfuniko wa rejeta nachovya kidole, kisha nachomoa kijiti cha oili. Kidole kisiwe na mafuta, kijiti kisiwe na maziwa. Inachukua dakika moja, naifanya kabla ya chai.