Kilwa kwanza, Lamu mwisho

Dada, umeuliza kama wiki mbili zinatosha kuona miji ya kale ya pwani, kutoka Kilwa hadi Lamu. Zinatosha, ila usiikimbilie yote.

Anza Kilwa Kisiwani, na uipe siku mbili kamili. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko; chukua kwanza kibali cha kuingia, na utembee na kiongozi mwenyeji. Msikiti Mkuu na kuba zake za mawe ya matumbawe ni wa kukaa chini na kutazama. Kisha nenda Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane juu ya bahari. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za utajiri wa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Kwangu mimi, hakuna magofu mengine pwani yanayoifikia.

Zanzibar utaimudu kwa siku mbili. Mombasa, Ngome ya Yesu ya mwaka 1593 inatosha asubuhi moja. Gede, magofu ya mji wa kale, usiiruke; iko njiani ukielekea Malindi.

Siku zinazobaki zote zipeleke Lamu. Mji bado unaishi, kwa hiyo vaa kwa staha na omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu.