Usiandike jibu ambalo huwezi kulieleza

Mimi nilianza na mokruaze za Kifaransa, yale mafumbo ya kujaza maneno kwenye miraba, kama watu wengi wa Bukavu huku Kongo, papa alikuwa anarudi na magazeti ya zamani kutoka kazini na jioni umeme ukikatika tunakaa na taa ya petroli, yeye na biki, mimi na kreyo (penseli) juu nilikuwa bado nakosea. Baadaye, tayari mtu mzima, nikafanya kazi na rafiki mmoja Mkenya na yeye njo alinionyesha zile fumbo za Waingereza ambazo kila kidokezo kina siri ndani, na siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba hii kitu haina akili. Nikakaa na ile gazeti safari nzima ya boti mpaka Goma, nikajaza maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya uongo.

Sasa ni miaka mingi nayapenda kabisa na watu wananiuliza nifanye nini ili niweze. Ushauri wangu ni mmoja na yote mengine yanatoka humo: usijaze jibu kama huwezi kulieleza neno kwa neno.

Kwanza uelewe tofauti na kitendawili. Sisi tumekua na "kitendawili, tega", nyumba yangu haina mlango, jibu yai. Pale unafikiria kitu chenyewe, sura yake, tabia yake, na hakuna mtu anakuuliza yai lina herufi ngapi. Kidokezo cha Mwingereza kinakupa njia mbili za kufika kwenye jibu moja: upande mmoja ni maana ya neno kama kwenye kamusi, upande mwingine ni mchezo wa herufi (au mara nyingine maana ya pili), na yote mawili yameunganishwa kama sentensi moja ya kawaida ili usione mahali yameshonwa. Maana inakaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Hiyo peke yake ningeambiwa siku ile ya boti ningepata mengi zaidi.

Nitatoa mifano ya Kiswahili niliyoitunga mimi, juu ile ya Kiingereza inakuchosha mara mbili, lugha na fumbo.

"Tawanya samaki wa Kivu", herufi 7. Mtu wa huku anacheka mara moja: SAMBAZA. Ni maana mbili zimewekwa pamoja, kusambaza ni kutawanya, na sambaza ni wale samaki wadogo tunakula na bugali (ambao kwa kweli waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ziwa la Kivu halikuwa nao). "Rafiki, vuta, ndani mna ziwa", herufi 4. Hapa usifikirie kuvuta wala rafiki, angalia herufi zinavyofuatana: rafiKI VUta. Kile kikoma, alama ya kuandikia, kimewekwa pale kukudanganya, na nakushauri ukisoma uvifute vyote kichwani. Halafu "Afrika na Asia zikiungana hupatikana njia", herufi 8. Afrika ni bara, Asia ni bara, ukiziunganisha unapata BARABARA. Ningeweza pia kuandika "Njia ya Afrika na Asia kuungana", na maana imehamia mwanzoni, jibu ni lilelile.

Ile ninayoipenda kuliko zote niliipata usiku nikiwa siwezi kulala: "Amani ikirudi nyuma, pinda mgongo", herufi 5. Andika AMANI, uisome kutoka mwisho. INAMA. Niliamka nikaiandika kwenye kaye kabla haijapotea, na mpaka leo nikiisoma inanigusa, juu sisi watu wa Kivu tunajua amani ikirudi nyuma mtu anafanya nini.

Sasa kuhusu kueleza. Mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, nilimpa hii: "Mali iliyotapanyika inafunika barabara", herufi 4. Akafikiria kidogo akaandika TOPE. Na alikuwa na haki ya kufikiria hivyo, wewe panda mtaa wa Kadutu wakati wa mvua uniambie barabara imefunikwa na nini, herufi zinatosha, maana inakubali. Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza tu: nieleze neno "mali" linafanya kazi gani hapo. Akanyamaza. Na "iliyotapanyika" je? Akanyamaza tena, akachukua karatasi akaandika M, A, L, I mbalimbali, na nikaona uso unabadilika kabla hata hajasema. LAMI. Hapo aliweza kunieleza yote: iliyotapanyika inaniambia nichanganye herufi, mali ndiyo herufi zenyewe, inafunika barabara ni maana.

TOPE ingebaki pale ingeharibu maneno matatu yanayopita juu yake, na angefikiri yale matatu ndiyo magumu. Mimi imenitokea mara nyingi sana, unapigana na kona moja siku mbili kumbe adui ni jibu uliloliandika wewe mwenyewe kwa furaha.

Kwa hiyo ukimsaidia mtu, usimpe jibu. Weka kidole mahali sentensi inakatika, umwambie maana iko upande huu, herufi ziko upande ule. Kama bado, mwonyeshe neno la ishara: vuruga, changanya, tapanya, vunjika ni za kuchanganya herufi, rudi, geuka ni za kusoma kinyume, ndani, ficha, meza ni za kutafuta katikati. Na kwenye Kiingereza mzoeshe kwamba neno linaweza kuvaa nguo nyingine, flower wote tunajua ni ua, lakini mle ndani mara nyingi ni mto, kwa sababu flow ni kutiririka, na flow-er ni kitu kinachotiririka.

Hii sheria ya kueleza kila neno sikuitunga mimi. Mokruaze ya kwanza kabisa ilitolewa na Arthur Wynne, mtu wa Liverpool, kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ilikuwa ya maana za kawaida tu. Zile za siri zilikomaa Uingereza, kwenye gazeti la Observer, ambapo mtungaji aliyejiita Torquemada alianza 1926, na alikuwa mkali sana kwa wasomaji. Aliyemfuata mwaka 1939 alijiita Ximenes, huyo njo aliweka nidhamu: maana iwe sahihi, mchezo wa herufi uwe wa haki, na kusibaki neno lisilo na kazi. Maneno madogo ya kuunganisha kama "ni" au "upate" yanaruhusiwa. Kwa mtu anayejaribu kujibu hiyo ni zawadi kubwa, juu inamaanisha neno likibaki bila kazi, bado hujafika.

Wiki iliyopita yule mtoto alikuja na kidokezo chake cha kwanza, ametunga peke yake: "Vuruga mila zetu upate utajiri", herufi 4. MALI. Nilifurahi kabisa. Nikamwambia sasa nieleze. Vuruga ni kuchanganya, mila ni herufi, upate ni kiunganishi, utajiri ni maana. Akasimama kwenye "zetu", akaiangalia muda mrefu, akachukua gome, ile mpira ya kufutia, akaifuta.